Ifahamu Njia ya Adhabu Katika Hesabu za Kugawa Maji ya Mto

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Mto Ruaha Mdogo unaopita Kalenga, mkoani Iringa, humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, na maji hayo huelekea Bwawa la Mtera na hatimaye Kidatu, kwenye mitambo ya kufua umeme ya megawati 80 na 204. Kabla ya kufika huko, maji hayo hunywewa na watu na mifugo na kumwagilia mashamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi zifuate. Suala hili si dogo: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Wataalamu wanapotafuta mgawo bora kwa kompyuta, kikwazo chao huwa ni mipaka. Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant alipendekeza njia rahisi: mpaka uondolewe, na mahali pake iwekwe adhabu inayokua kadiri mpaka unavyovukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Jeshi la Marekani walitumia adhabu za namna hiyo kupanga uendeshaji wa mabwawa ya Mto Missouri.

Tuchukue mfano wa kubuni. Skimu ya umwagiliaji inahitaji lita 60 kwa sekunde, lakini kibali chake ni lita 40. Kompyuta inahesabu hasara mbili: upungufu wa skimu, ukizidishwa kwa wenyewe, na maji yaliyozidi kibali, nayo yakizidishwa kwa yenyewe, kisha kwa uzito wa adhabu. Inachagua kiasi ambacho jumla ya hasara hizo ni ndogo kuliko zote. Uzito ukiwa 1, jibu ni lita 50. Ukiwa 9, ni lita 42. Ukiwa 99, ni lita 40.2.

Mpaka, kama inavyoonekana, haukuheshimiwa hata mara moja. Lita 2 za ziada kwa sekunde ni lita 172,800 kwa siku, yaani ndoo 8,640 za lita 20 ambazo kijiji cha chini ya mto hakitazipata. Kwa mashine, hiyo ni hitilafu ndogo.

Kuweka uzito wa mamilioni tangu mwanzo si dawa, kwa kuwa hesabu huyumba na makosa madogo ya kukadiria tarakimu hukuzwa. Desturi ni kuupandisha hatua kwa hatua, kila hatua ikianzia kwenye jibu lililotangulia. Mwaka 1969 Magnus Hestenes na Michael Powell, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna ya kurekebisha adhabu ili mpaka ufikiwe bila uzito usio na kikomo. Ipo pia njia ya kizuizi, ambayo adhabu yake huanza kabla ya mpaka kufikiwa, hivyo mpaka hauvukwi kabisa. Kwa maji ya kunywa, hiyo ndiyo inayofaa zaidi.

Hivyo, mpango wa mgawo uliokokotolewa kwa kompyuta unapoletwa mbele ya jumuiya za watumia maji, mwananchi ana haki ya kuuliza ni mipaka ipi imegeuzwa kuwa adhabu, uzito wake ni kiasi gani, na nani aliuweka.