Chaak, Mungu wa Mvua Anayekaa Pangoni

Kaskazini mwa rasi ya Yucatán, huko Mexico, huoni mto. Mvua hunyesha ya kutosha kuotesha msitu, lakini ardhi yote ni jiwe la chokaa lenye matundu, na maji huzama papo hapo kwenda kujikusanya chini, katika mapango na mikondo isiyoona jua. Pale paa la pango lilipoporomoka, limebaki shimo la maji lililo wazi, ambalo leo hujulikana kwa jina la cenote. Kwa Wamaya waliojenga miji yao hapa, mashimo hayo yalikuwa visima vya kuchotea na pia milango ya nyumba ya Chaak, mungu wa mvua na radi.

Naanza na jiwe kwa makusudi, kwa sababu miungu ya Wamaya mara nyingi hutajwa kwa orodha tu: Itzamnaaj mzee wa mbinguni, K'inich Ajaw wa jua, K'awiil wa radi, Chaak wa mvua. Orodha ni sahihi, lakini haimwambii msomaji kwa nini watu waliozijua nyota kiasi cha kukokotoa mzunguko wa Zuhura wa siku 584 walishuka pangoni walipotaka mvua. Walishuka kwa sababu, kwa imani yao, mvua huanzia huko. Hutoka pangoni ikiwa unyevu, hupanda kuwa wingu, humwagwa shambani, kisha huzama tena. Kwa nchi iliyo kavu juu na kujaa maji chini, mimi naliona wazo hilo kuwa na mantiki kubwa.

Sura ya Chaak tunaijua vizuri kutokana na kitabu kilichoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya magome ya mti, ambacho maktaba ya kifalme ya Dresden, Ujerumani, ilikipata kutoka Vienna mwaka 1739. Kunusurika kwake ni bahati. Mwaka 1562 padri Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya mjini Maní, na vinavyojulikana leo duniani kote ni vinne tu. Katika kitabu cha Dresden, Chaak anaonekana mara nyingi kuliko mungu mwingine yeyote. Pua yake ndefu imeinamia mdomo, na mkononi ana shoka. Mara anapiga kasia mtumbwini, mara ameketi juu ya mbingu, mara yumo majini. Tena ni mmoja na ni wanne: mwekundu wa mashariki, mweupe wa kaskazini, mweusi wa magharibi, na wa manjano wa kusini.

Shoka hilo ndilo radi. Vyombo vya udongo vya kale vinamwonyesha mungu wa mahindi akichomoza kutoka kwenye gamba la kobe lililopasuka, na katika baadhi yake akina Chaak wamesimama pembeni na silaha zao. Hadithi zinazosimuliwa hadi leo katika jamii za Wamaya zinasema mahindi yalifichwa ndani ya mwamba, na ni radi iliyoupasua. Chakula na maji, vyote viwili, vilitoka ndani ya jiwe. Nasi tunaosonga ugali tunakula zao lililoanzia huko huko Mexico.

Wafalme waliuona uzito wa jambo hili. Mwaka 693, katika mji wa Naranjo, Guatemala ya leo, alitawazwa mtoto wa miaka mitano, na jina lake la ufalme, K'ahk' Tiliw Chan Chahk, lilimbeba mungu wa mvua. Wengine walishika fimbo yenye umbo la K'awiil, ambaye mguu wake mmoja ni nyoka na paji la uso linafuka moshi. Mtawala anayejipa jina la mvua amejifunga: mvua ikichelewa, watu wataulizana yeye anafanya nini.

Na ilichelewa. Mwaka 1995 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope la ziwa Chichancanab, Yucatán. Maji ya ziwa hilo yanapopungua sana, jasi hutuama chini, na matabaka yake yalionyesha ukame mkali kati ya miaka ya 800 na 1000 hivi. Ni kipindi kile kile ambapo miji mingi ya kusini iliacha kuchonga mawe ya kumbukumbu na ikahamwa. Ukame haukuwa sababu pekee, maana vita navyo vilikuwepo, lakini haiwezekani kuusimulia mwisho wa miji hiyo bila kuutaja.

Sadaka kwa mungu wa mvua zilikuwa nzito. Kutoka kwenye cenote kuu ya Chichén Itzá, yenye upana wa takriban mita 60, zilitolewa dhahabu, vito vya kijani, ubani na mifupa ya watu. Watalii bado husimuliwa habari za wasichana bikira waliotupwa humo. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliozikwa katika hifadhi ya chini ya ardhi karibu na cenote hiyo, na wote walikuwa wavulana. Kati yao kulikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Anayeipenda dini hii ya kale, kama ninavyoipenda mimi, hana ruhusa ya kuwapita watoto hao kimya.

Mwaka 1959, kilomita chache kutoka Chichén Itzá, katika pango la Balankanche, iligunduliwa njia iliyokuwa imezibwa kwa karne nyingi. Ndani mlikuwa na vyetezo vya kale, na mbele yake ziwa. Mtaalamu wa matambiko wa eneo lile, jmeen kama wanavyomwita, alisisitiza kwamba wenye pango waombwe radhi, na ibada ikafanyika humo humo.

Ibada ya kuomba mvua, ch'a cháak, ingali inafanyika vijijini Yucatán mvua zinapokawia na mahindi yako shambani. Wanaume hujenga madhabahu ya miti na matawi. Huoka mikate minene ya mahindi ndani ya shimo la moto lililofukiwa udongo, na kutengeneza balché', kinywaji cha asali na magome ya mti. Msalaba husimama hapo hapo, na malaika Mikaeli hutajwa pamoja na akina Chaak. Katika pembe nne za madhabahu huchuchumaa wavulana wanne wakilia kama vyura. Yucatán kuna chura anayeitwa wo, ambaye kiangazi chote hujifukia ardhini na hutoka mvua kubwa zinapoanza, akilia usiku kucha. Wazee humwita mwanamuziki wa Chaak.