Kitabu Kisihukumiwe kwa Ukurasa Mmoja

Mzazi hakosei anapohoji kile anachokisoma mwanawe. Kosa huanza pale mwalimu mkuu, kwa kuhofia lawama, anapokiondoa kitabu maktabani kimyakimya na kukifungia kabatini. Huko ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Historia yetu ina funzo. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Miaka ikapita, na riwaya iyo hiyo ikaja kufundishwa katika shule za sekondari. Waliosoma kurasa za mapenzi pekee waliona uchafu. Walioisoma hadi mwisho walimwona baba mlevi ambaye ukali wake ulichangia kumwangamiza bintiye. Kilichoshtakiwa kwa kupotosha kilikuwa kikionya.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba neno halina hatia likiwa peke yake. Maana yake hutegemea nani kalitamka, kwa nani na kwa nini. Tusi kinywani mwa mhusika dhalimu ni ushahidi dhidi yake, wala si somo kwa mwanafunzi.

Tuseme basi mzazi wa Chechelesi, kule Isiolo, amefika ofisini akiwa na kitabu mkononi na hasira usoni. Mwalimu mkuu na amkaribishe, amsikilize kwa heshima, kisha amwombe aandike: ni ukurasa gani uliomkera, na je, amekisoma kitabu chote? Malalamiko hayo yapelekwe kwa jopo la walimu na wazazi, nao wakisome kitabu kizima. Wakati huo wote kitabu kibaki mahali pake. Ikiwa kimezidi umri wa wanafunzi wadogo, kitengwe kwa ajili ya madarasa ya juu. Uamuzi na sababu zake vitolewe kwa maandishi.

Mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe. Hana haki ya kuwachagulia wana wa wenzake. Isiolo ni nyumbani kwa Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, Waislamu kwa Wakristo. Kila kinachomkera mmoja kikiondolewa, rafu zitabaki na vumbi tu, na atakayeumia zaidi ni mtoto ambaye kwao hakuna kitabu hata kimoja.

Walimu wakuu, msiogope kelele. Ogopeni maktaba tupu.