Mtoto Akianza Kujigeuza Usiku
Mama na baba, mtoto akianza kujaribu kujigeuza, mara nyingi kwenye miezi 3 au 4, wengine mapema zaidi, acheni kumfunga kwa kitenge au blanketi anapolala. Akipinduka kifudifudi mikono imefungwa, hawezi kujiinua na anaweza kukosa hewa. Bibi atasema mtoto atashikwa na baridi. Mvalisheni nguo moja zaidi ya mnazovaa ninyi, inatosha.

Mlazeni chali kila mara. Akishaweza kujigeuza kwenda na kurudi, msihangaike kuamka kumrudisha. Kitandani viwepo godoro gumu na shuka iliyobana tu, bila mto wala mdoli. Mkipewa kitanda chenye ubavu unaoteremshwa, msikitumie: hapa Marekani vimepigwa marufuku kuuzwa tangu 2011.