Mchungaji Mbele ya Mgonjwa wa Akili

Njisi, wilayani Kyela, iko mpakani, kandokando ya Mto Songwe. Mtumishi wa usharika wa huko aweza kuitwa usiku katika nyumba ambamo kijana anasema peke yake, halali, wala hataki kula. Ndugu wamekwisha kuamua: "Amerogwa," au, "Ana pepo." Je, mchungaji atazame nini kabla ya kusema neno?

Kwanza, dalili. Sonona si huzuni ya kawaida. Ni kuvunjika moyo karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kuchoka, kujilaumu kupita kiasi, na pengine kutamani kufa. Skizofrenia, ambayo aghalabu huanza ujanani, humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, na asadiki bila sababu kwamba jirani zake wanamwinda. Kifafa, ambacho mara nyingi huchanganywa na hayo, ni ugonjwa wa ubongo, tena hakiambukizi.

Pili, vihatarishi. Navyo ni urithi wa ukoo, malaria kali ya ubongo, jeraha la kichwa, pombe na bangi, msiba, ukatili nyumbani, na kwa mama, majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Kihatarishi huongeza uwezekano wa kuugua, hakimhukumu mtu. Ndugu wawili hupatwa na msiba mmoja, huyu akaugua na yule asiugue. Kwa hiyo haitupasi kurudia swali la wanafunzi katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi.

Tatu, wajibu wetu. Mwaka 1532 Luther alimwandikia Jonas von Stockhausen, aliyekuwa amechoka kuishi, ili kumfariji kwa Neno. Lakini alimwandikia na mkewe pia, akimsihi asimwache mumewe peke yake, wala asiache karibu naye kitu cha kujidhuru. Faraja na ulinzi vilikwenda pamoja. Vivyo hivyo huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Kanisa limewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya karne moja.

Basi ni hatari kubwa mgonjwa akiambiwa atupe dawa ili kuonyesha imani yake. Skizofrenia yaweza kurudi kwa nguvu. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula aweza kushikwa na degedege lisilokoma, akafa. Na huko ziwani Nyasa, aangukaye akiwa mtumbwini aweza kuzama.

Mchungaji na aombe, asikilize, azuie kamba na fimbo, kisha amsindikize mgonjwa hospitali ya wilaya, ambako akihitaji ataelekezwa Mbeya, au Mirembe, Dodoma. Akirudi nyumbani, atembelewe, na mahali pake kanisani pawe wazi. Kumwombea mtu na kumkumbusha dawa zake ni huduma moja.