Mgeni wa Mida na Adabu ya Kimya

Tulipopendekeza katika kikao cha kamati ya msikiti kwamba safari ya familia na wanafunzi wa madrasa iwe ya kwenda kutazama ndege, mzee wetu mmoja aliuliza kwa upole: "Ustadhi, ndege hata hapa juu ya mnara wapo. Nauli ya nini?" Swali lilikuwa la haki, kwani fedha za safari ni michango ya waumini. Tumeona ni wajibu kumjibu hapa, pamoja na wazazi wengine wanaojiuliza kama yeye.

Tulikwenda Mida, mkono wa bahari uingiao bara karibu na Watamu, yapata kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Ni sehemu ya eneo la bahari la Watamu, lililohifadhiwa tangu mwaka 1968. Maji yakijaa, huwa kama ziwa lililozungukwa na mikoko. Yakipwa, hubaki uwanda wa tope na mchanga wenye kaa tele. Tope hilo ndilo sahani ya ndege wahamao, wengine kutoka Siberia.

Siku tuliichagua kwa kalenda ya Hijria, kwani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu na Alasiri. Basi tuliswali Adhuhuri, kisha tukapita njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, huku maji yakipanda na kuwasogeza ndege karibu nasi.

Aliyetuvutia zaidi ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huzaliana katika fukwe za Oman, Ghuba na Pembe ya Afrika. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Kisha huja kwetu, kama walivyokuja wageni wa majahazi. Ajabu ni kwamba kinda, ingawa ameruka safari yote hiyo, huendelea kulishwa na mzazi wake huku ugenini.

Tulimwona mmoja, wa rangi ya kijivu, akimfuata mzazi aliyeshika kaa mdomoni. Hapo kijana wetu mmoja, akitaka picha ya ndege wakiruka, alirusha kombe. Kundi zima likaruka. Kaa akaanguka.

Mwongozaji wetu, mtu mzima wa Mida, hakumkaripia. "Mwanangu, hawa wana saa chache tu za kula kabla maji hayajafunika tope. Kila warukapo bure, hupoteza chakula na nguvu za safari. Wewe umepata picha. Yule mtoto amepata nini?"

"Nisamehe, baba. Sikujua."

Kosa lilikuwa letu pia. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba masahaba walipochukua makinda wakiwa safarini, Mtume (S.A.W.) aliamuru warejeshwe kwa mama yao. Na Surat Al-An'am, aya ya 38, yatufunza kwamba ndege nao ni umma mfano wetu. Kijana yule ameihifadhi aya hiyo. Tulimsikiliza akiisoma, tukamsahihisha tajwidi, lakini hatukuwahi kumkalisha mbele ya ndege akaona inazungumza juu ya nani.

Tulinyamaza yapata nusu saa, hata watoto wadogo. Ndege wakarejea mmoja mmoja. Kama kinda yule alishiba, hatukuweza kumtambua tena kundini.

Wazazi wenzetu, wageni hawa huonekana zaidi baina ya Agosti na Aprili. Chukueni mwongozaji wa pale pale, vaeni nguo zisizong'aa, zimeni sauti za simu, na msitoke njiani wala kuvunja mikoko. Darubini moja yatosha familia nzima, kila mtu kwa zamu.

Na kwako, mzee wetu: ni kweli, ndege wa mnarani wapo. Lakini chini ya mnara hatukuwahi kunyamaza tukawatazama. Ijumaa iliyofuata tulianza.

Wabillahi tawfiq.