Kwenda Pwani: Uvuvi wa Miambani katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Matemwe, Chwaka, Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari ina sehemu mbili. Ipo bahari ya vyombo, yaani ya ngalawa, dau na mashua, ambayo tangu zamani imekuwa ya wanaume. Na ipo bahari ya miguu: eneo pana la mchanga, majani na mawe linaloachwa wazi maji yanapopwa, kuanzia ufukweni mpaka kwenye mwamba unaovunja mawimbi, pengine kilomita moja au zaidi kutoka nchi kavu. Kuliendea eneo hilo kwa miguu na kutafuta pweza, kome, kombe, chaza, kaa na samaki waliosalia vidimbwini ndiko kunakoitwa kwenda pwani. Pemba nayo, yenye ghuba nyingi na visiwa vidogo kama Kojani, Fundo na Kisiwa Panza, ina miamba na desturi za namna hiyohiyo. Kwa vizazi vingi kazi hii imekuwa ya wanawake, watoto na wazee, na imewapatia kitoweo siku ambazo vyombo vimerudi mikono mitupu.

Kwa kuwa haihitaji chombo wala mtaji, mgeni huidhani nyepesi. Mtu yeyote mwenye kijiti na kikapu anaweza kuingia. Lakini wenyeji hawamhesabu mtu kuwa ameijua pwani kwa sababu tu anapata pweza wengi. Anahesabiwa ameijua anapojua saa ya kuingia na, zaidi ya hapo, saa ya kutoka. Mafunzo yote ya mwanagenzi yamejengwa juu ya jambo hilo.

Kalenda ya kazi hii ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu ambayo kila nyumba inaifuata, hizo ni siku za mwanzo wa mwezi na zile za kuanzia tarehe 14 hivi. Kati ya bamvua mbili huwa maji mafu: bahari hupanda na kushuka kidogo tu, na mwamba wa nje haufikiki kwa miguu. Wanaokwenda pwani siku za maji mafu huishia karibu na ufukwe, au hukaa nyumbani wakasuka ukili na kusokota kamba za makumbi. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, na wakati huo huonekana mawe ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hayaonekani kabisa.

Katika visiwa hivi maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tena mnamo saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo, ikiwa leo yamepwa saa nne, baada ya siku tatu yatapwa kiasi cha saa sita na nusu mchana. Bibi asiyejua kusoma saa ya mkononi huifanya hesabu hii kichwani bila taabu, na mjukuu huanza kuijua kwa kutumwa: nenda katazame maji yako wapi. Siku hizi yapo majedwali ya maji yaliyochapishwa, pamoja na programu za simu, na hakuna ubaya kuvitumia. Ila upepo mkali wa kutoka baharini huweza kuyaleta maji mapema na juu kuliko jedwali linavyosema, na jambo hilo simu haiwezi kuliona.

Desturi ni kuyafuata maji yakiwa yanakwenda nje. Kundi huteremka saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, likipitia vidimbwi vya ndani kwanza na kuufikia mwamba wa nje pale bahari inapokuwa imetulia chini. Maji yakishageuka, safari ya kurudi huanza. Hapa ndipo wengi wasiojua hudanganyika, kwa sababu maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza hupanda kidogo sana; kwa bamvua ya mita 4, ni kama sentimita 30 tu, na aliye juu ya jiwe hahisi kitu. Saa ya pili yanaongeza kasi, na katika saa ya tatu na ya nne yanaweza kupanda mita nzima kila saa. Anayengoja aone maji yakipanda ndipo aondoke, amekwisha kuchelewa.

Hatari kubwa zaidi imejificha nyuma ya mvuvi. Mwamba wa nje uko juu kuliko ardhi ya bahari iliyo kati yake na ufukwe. Maji yanayojaa huingia kwanza kwenye milango ya mwamba, yakapita katika mikondo na kuyajaza mabonde ya ndani, huku jiwe alilosimama mvuvi likiwa bado kavu. Mtu aliyeinamia shimo la pweza huinuka akakuta mbele yake kukavu na nyuma yake mkondo wa kumfika kifuani. Kwa sababu hiyo, mwanagenzi huonyeshwa njia ya kurudi kabla ya kuonyeshwa pweza. Hufundishwa kuukumbuka kila mkondo aliouvuka na kuutia alama kwa kitu cha nchi kavu: mnara wa msikiti, kundi la minazi, nyumba yenye bati jipya. Hufundishwa pia kwamba mkondo uliomfika magotini wakati wa kwenda ndio utakaoamua saa yake ya kurudi, hata kama kikapu hakijajaa.

Hakuna aendaye pekee. Wanawake hutoka kwa makundi ya jamaa na majirani, wakatawanyika wakifika, lakini kila mmoja hubaki mahali anapoweza kuonekana au kusikika. Aliye mkubwa wao ndiye anayetoa sauti ya kurudi, na sauti hiyo haibishwi. Kusema “ngojeni nimalize shimo hili” ni utovu wa adabu, kwa kuwa humlazimu mtu mzima kungoja ndani ya maji yanayopanda. Watoto huanza wakiwa wadogo, wakiokota kome na kombe karibu na ufukwe, na husogea nje mwaka baada ya mwaka kadiri miguu na akili zao zinavyoruhusu. Mgeni mtu mzima anayetaka kujifunza angefanya vyema kukubali kuanza palepale wanapoanzia watoto.

Mavazi na vifaa ni vichache. Kanga moja hufungwa kiunoni kwa nguvu, nyingine kichwani dhidi ya jua, na miguuni huvaliwa raba au viatu vya plastiki vinavyofunika vidole. Kandambili hazifai, kwa kuwa huchomoka kwenye matope na kuteleza kwenye mawe yenye ukoga. Mkononi huwa na mchokoo, kijiti kirefu kigumu chenye ncha, na siku hizi aghalabu kipande cha nondo. Mchokoo ni silaha, na pia ni mguu wa tatu: hupapasa kina cha dimbwi, hugonga jiwe kabla ya kulikanyaga, na hutangulia mahali ambapo mkono haupaswi kufika.

Pweza anayetafutwa hukaa ndani ya shimo, na ustadi wote ni kulitambua shimo lenye mwenyewe. Mlangoni mwake huwa na magamba ya kaa na makombe yaliyoliwa, vijiwe vilivyopangwa kama kizingiti, na mchanga safi uliotolewa ndani. Wakati mwingine huonekana jicho tu, kwa sababu pweza hubadilisha rangi na hata umbo la ngozi akafanana na jiwe lililo karibu naye. Mchokoo huingizwa polepole. Pweza akikasirika huushika kwa mikono yake, na hapo huvutwa bila haraka. Akivutwa kwa pupa hujibana kwenye jiwe na hukatika kabla ya kutoka. Akishatoka huuawa mara moja, kisha hupigwapigwa juu ya mwamba mara nyingi mpaka nyama ilainike. Mashimo mazuri hayaachwi wazi kwa muda mrefu: pweza mmoja akitolewa, mwingine huweza kuhamia. Ndiyo maana wenye uzoefu hupita mashimo yaleyale kila bamvua na hawayatangazi ovyo. Mama humwonyesha binti yake. Methali isemayo kuwa mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo ina ukweli mtupu katika vijiji hivi.

Mkono mtupu hauingii shimoni. Mkunga hupenda mashimo yaleyale ya pweza, na meno yake hupasua nyama vibaya. Kati ya mawe yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe lenye ukoga, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akikanyagwa, maumivu yake humwangusha mtu mzima, na sumu inaweza kuua. Taa hujilaza chini ya mchanga wa vidimbwi, na ndiyo sababu wavukao huburuta miguu badala ya kuinua hatua, ili taa ashtuke aondoke. Ganda zuri lenye umbo la koni na madoa haliokotwi wala kutiwa mfukoni, maana mnyama wa ndani ana mwiba wenye sumu kali na baadhi ya jamii zake zimeua watu. Fuma, wale wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, hawaui, lakini miiba yao hukatikia ndani ya nyayo. Dawa ya nyumbani kwa miiba ya fuma ni utomvu wa papai bichi. Kwa mchomo wa taa au wa samaki afananaye na jiwe, msaada wa kwanza unaofaa ni kukitia kiungo katika maji ya moto yanayovumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mgonjwa akipelekwa hospitali. Maji yajaribiwe kwanza na mtu mzima wa afya, kwani aliyechomwa anaweza kuungua asijue.

Uvuvi wa mshipi kutoka juu ya mawe ya ufukweni ni wa vijana zaidi. Mshipi, ndoana, chubwi na chambo cha ngisi au cha kaa wadogo hutosha kumpata changu au chewa mdogo. Hatari yake ni wimbi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na katika maleleji kati ya misimu, bahari huwa ya upole. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ya upande wa mashariki hupanda juu ya mawe yaliyokuwa makavu dakika chache zilizopita. Wazoefu huketi mbali kwanza na kuyaangalia mawimbi kwa muda mrefu, kwa kuwa makubwa huja kwa makundi baada ya kimya. Jiwe lililolowa juu linasema kwamba wimbi hufika hapo. Mvuvi haipi bahari mgongo, hajifungi mshipi mkononi, na hashuki kuifuata ndoana iliyonasa. Mwenzake akianguka, hajitupi kumfuata. Humrushia kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri, kisha huita watu wa vyombo. KMKM, kikosi cha baharini cha Zanzibar, nacho hushiriki katika uokoaji.

Usiku wapo wanaokwenda pwani kwa kumulika, zamani kwa karabai na sasa kwa tochi. Hiyo si kazi ya mwanagenzi.

Kilichopatikana hakikuwa cha mtu mmoja. Mzee asiyeweza tena kushuka pwani hupelekewa kitoweo, na jirani mgonjwa vivyo hivyo. Pweza hupikwa kwa nazi, au hukaushwa akawekwa kwa siku za maji mafu. Desturi hiyo ilianza kubanwa pweza alipopata bei. Tangu miaka ya 1990 wanunuzi wa viwanda vinavyosafirisha pweza kwenda Ulaya wamefika mpaka ufukweni na mizani zao, na wanaume, baadhi yao kwa kuzamia na miwani, wameingia katika kazi iliyokuwa ya mama zao. Wanawake wengi nao, hasa tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, hugawa saa zilezile chache za maji kupwa kati ya shamba la mwani na mwamba. Pweza wakapungua na wakawa wadogo.

Kwa bahati njema mnyama huyu hukua haraka. Anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike huyalinda mayai yake shimoni mpaka yanapoanguliwa, kisha hufa. Kumtoa kabla ya hapo ni kuua kizazi chote. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Lakini kilichozaa matunda zaidi ni makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe. Wakazi wa Kisiwa Panza, wakisaidiwa na shirika la Mwambao, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu hivi kila mara na kuifungua kwa kijiji kizima, njia iliyokwisha kujaribiwa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza hutoka wakubwa. Kazi ngumu ni kuulinda mwamba uliofungwa dhidi ya wanaokuja kwa mashua kutoka kwingine.

Jambo moja desturi haikulitimiza. Wanawake wengi waliozeeka wakivuka mikondo hii hawakufundishwa kuogelea, kwa kuwa kuogelea kulionekana mchezo wa wavulana. Huko Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya stara, na umeonyesha kwamba heshima na usalama havipingani. Skuli za ufukweni za Unguja na Pemba, pamoja na wazazi na masheha, zichukue somo hilo na kulifundisha kwa wasichana wote, kabla hawajashika mchokoo.