Dubai au Kilwa: Likizo ya Familia na Bibi Asiyepanda Ndege

Kila unapokaribia mwezi wa Juni, kabla shule hazijafungwa, katika nyumba nyingi za mjini huanza mjadala ambao wazazi wetu hawakuujua. Zamani mtoto hakuuliza likizo itakuwa wapi. Alijua anakwenda kwa bibi, akapakiwa kwenye basi pamoja na mfuko wa sukari na doti ya kanga, na mwezi ukiisha akarudi na kikapu cha machungwa na lafudhi mpya. Leo mtoto anauliza, na jibu la "kwa bibi" halimtoshi, kwa kuwa mwenzake wa dawati amerudi Dubai na picha za Burj Khalifa zimo katika simu ya mama yake.

Nyumbani kwetu, hapa Dar es Salaam, mjadala huo ulidumu majuma matatu. Tunausimulia kwa sababu tunaamini wasomaji wengi wa ukurasa huu ama wameupitia, ama wataupitia.

Tulianza na hesabu, kama inavyopasa. Pasipoti moja ni shilingi 150,000. Sisi ni watu watano, yaani shilingi 750,000 kabla hujauliza bei ya tiketi. Kisha ipo viza, kwa maana Mtanzania haingii Falme za Kiarabu bila viza. Kisha nauli ya ndege, ambayo hupanda hasa pale shule zinapofungwa. Kisha hoteli ya vyumba viwili, kwani kijana wa miaka kumi na minne halazwi chumba kimoja na dada zake. Tulipojumlisha, fedha tulizoweka zilifika nusu ya safari. Nusu ya pili ingepatikana kwa mkopo, na mkopo wenyewe ulikuwa wa riba. Hapo mazungumzo yangepaswa kwisha, lakini hayakuisha: mmoja wetu (hatutasema ni nani) alipendekeza tuuze kiwanja cha Mkuranga.

Haki itendeke kwa Dubai. Watu husema maneno mepesi juu ya wanaokwenda huko, kana kwamba wote wanakwenda kununua simu na kupiga picha. Familia ya Kiislamu hupata raha fulani katika mji ule ambayo si rahisi kuipata katika baadhi ya hoteli za ufukweni hapa kwetu. Chakula hakiulizwi. Katika kila jengo kubwa la maduka kuna mahali pa kuswali, wanaume kwao na wanawake kwao. Hapa nyumbani tumewahi kufika katika hoteli moja ya pwani tukaelezwa kwamba bwawa ni moja, baa iko ukingoni mwa bwawa, na muziki hauzimwi hadi usiku wa manane. Binti zetu walikaa chumbani siku mbili. Basi anayesema kwamba karibu ndiko kwenye stara na mbali ndiko kwenye fitina, huyo hajasafiri.

Lakini Dubai ya mwezi Juni na Julai ina jua linalopita nyuzi 40, na aliyekwenda miezi hiyo atakuambia kwamba alichokiona zaidi ni kiyoyozi. Miezi ya baridi yao ni mizuri, nayo ndiyo ghali.

Jambo lililotuamulia, hata hivyo, halikuwa jua wala fedha. Jioni moja tulipokuwa tukihesabu tena tiketi, binti yetu mdogo aliuliza: "Na bibi je?" Tukatazamana. Bibi yao anaishi nasi, umri wake umepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na tangu zamani amekwisha kusema kwamba yeye ndege hapandi. Katika hesabu zetu zote za majuma matatu hatukuwa tumemhesabu. Tulikuwa tumekwisha kuafikiana, bila hata kulitamka, kwamba atabaki na msichana wa kazi.

Bibi alikuwa akisikia kutoka barazani. Akasema, pasipo kinyongo: "Nendeni, wanangu. Mimi nikitaka kwenda mahali, ningetaka nione Kivinje tu." Amezaliwa Kilwa Kivinje. Mara ya mwisho kufika huko, watoto wetu walikuwa hawajazaliwa.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri katika gari la kuazima kwa shemeji. Toka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kilomita zipatazo 300, na barabara ni ya lami. Kijana wetu mkubwa alikuwa amenuna, amejifunika kofia ya jaketi, masikio yamezibwa na visikilizio. Tulipofika mto Rufiji, juu ya Daraja la Mkapa, bibi akaomba tupunguze mwendo. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu. Akawasimulia wajukuu jinsi walivyolala ukingoni siku mbili kwa sababu pantoni limeharibika na mto umefurika, wakapika uji wa pamoja, abiria wa mabasi yote, na mtu mmoja akaozesha binti yake papo hapo kwa kijana aliyemsaidia kubeba mizigo. Kama kisa cha ndoa ni cha kweli hatujui, lakini visikilizio vilitoka masikioni.

Nangurukuru, pale njia ya Masoko inapoachana na ile ya Lindi, tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Watoto walikuwa wamesoma madrasa sala ya msafiri. Hawakuwa wamewahi kuiswali. Rakaa mbili mbili, ukutani mwa msikiti wa njiani, viatu vyetu vikiwa pamoja na viatu vya madereva wa malori.

Siku ya pili tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani, na hapa tukiri makosa yetu. Kibali hutolewa na ofisi ya wahifadhi iliyopo Masoko, na mtu mwenye busara hukichukua mapema ili avuke asubuhi. Sisi tulichelewa, tukatua saa sita mchana, maji yamekupwa, ikabidi tushuke ndani ya tope la pwani na kuvuta miguu. Vijana wawili wa mashua walimbeba bibi kwa mikono yao kama mtu anayebeba sinia. Yeye alicheka; sisi tuliona haya. Maji ya kunywa tuliyochukua yaliisha kabla hatujafika nusu ya magofu.

Hata hivyo tuliona. Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya kumi na moja na kupanuliwa baadaye, bado una safu za nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Ukisimama ndani, sauti yako hubadilika. Katika mji huu alifika Ibn Battuta mwaka 1331, wakati wa sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, na msafiri huyo aliyeona miji mingi kuliko sisi sote akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia moja, lenye bwawa la pembe nane juu ya bahari. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa, na mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Kijana wetu alimuuliza kiongozi wa wageni jambo hilo mara tatu. Mara ya tatu akamuuliza: "Kwa nini shuleni hawajatuambia?" Hatukuwa na jibu la kumpa, maana sisi wenyewe tulikuwa tumesoma habari hizo juma moja tu kabla ya safari.

Bibi alibaki kivulini karibu na Gereza, ile ngome ya pwani, pamoja na wanawake wa kisiwani. Tuliporudi walikuwa wamekwisha kupatana kuwa ni jamaa.

Kivinje tulikwenda siku ya mwisho. Ni mji uliokuwa na neema kubwa katika karne ya kumi na tisa, na ndimo Wajerumani walimomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga. Sasa nyumba nyingi za mawe zimebaki kuta na mizizi ya mikuyu. Nyumba aliyozaliwa bibi haipo. Pana shamba dogo la mihogo. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alimtazama kwa muda, kisha akamwita kwa jina la baba yake, "binti fulani", na bibi akakaa chini pale pale mchangani.

Makaburini hakuingia. Alisimama nje ya ua wa miti, akamwelekeza mjukuu wake kwa fimbo: lile lenye jiwe lililoinama ni la mama, la pili yake ni la mjomba. Kijana akaenda, akasafisha majani kwa mikono, akasimama pale akamwombea dua mtu ambaye siku tatu nyuma hakujua jina lake.

Wapo wasomaji ambao watauliza kama tunawakataza kwenda ng'ambo. Hatuwakatazi. Mwenye uwezo bila deni, na asiyemwacha mtu nyuma, aende akaone Istanbul, aswali katika msikiti wa Süleymaniye ambao Sinan aliukamilisha mwaka 1557, nasi tutamsikiliza kwa hamu akirudi. Akumbuke tu kwamba nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Na anayekwenda karibu asidhani kwamba ukaribu unamwondolea maandalizi: aulize kabla kama nyumba ya wageni ina maji (yetu haikuwa nayo, ingawa tuliahidiwa), na kama kuna mahali pa wanawake kuogelea kwa stara.

Kiwanja cha Mkuranga bado kipo. Pasipoti za watoto hatujazichukua. Bibi amesema mwaka ujao anataka kwenda Songo Mnara, ambako hakufika hata alipokuwa msichana, nasi tumeanza kuulizia mashua yenye kivuli.